Materiali na sheda za 3D: uchague ipi kwa kazi ipi

Anayeanza kuvalisha maumbo ya 3D huuliza mapema: materiali nzuri ni ipi? Swali hilo halijibiki mpaka ujue picha itaishia wapi. Chukua birika la chuma lililopakwa rangi na kubandukabanduka. Likiwa ni la filamu, kila picha inaweza kurendwa, yaani kukokotolewa na kompyuta, kwa saa nzima na hakuna atakayelalamika. Likiwa ni la gemu inayochora picha 60 kwa sekunde, kadi ya michoro ina milisekunde 16 na kidogo kumaliza kila kitu kilichomo kwenye tukio, birika likiwa kitu kimoja kati ya mamia. Na likiwa litafunguliwa kwenye kivinjari cha simu, kuna uzito wa faili na kumbukumbu ndogo ya kufikiria. Umbo ni lilelile, lakini maamuzi ni tofauti kabisa. Kwa hiyo ulinganisho huu kila mara unaanzia mwisho wa kazi na kurudi nyuma.

Kwanza tuelewane juu ya maneno mawili. Sheda ni programu ndogo inayojibu swali moja kwa kila pikseli: mwanga ukifika hapa, rangi gani irudi kwenye kamera? Materiali ni sheda hiyo pamoja na thamani ulizoipa, yaani rangi, picha na namba. Sheda moja inaweza kubeba mamia ya materiali. Kubadili thamani hakugharimu kitu. Kuongeza sheda mpya kunagharimu, kwa sababu lazima ikompailiwe, yaani itafsiriwe kuwa lugha ya mashine, kwa ajili ya kadi ya michoro, na gemu yenye sheda nyingi kupita kiasi hukwamakwama kila mara sheda fulani inapohitajika kwa mara ya kwanza.

Sheda ya zamani au ya kifizikia

Mwaka 1971 Henri Gouraud alionyesha jinsi ya kulainisha mwonekano wa poligoni, zile bapa ndogo zinazounda umbo, kwa kupiga hesabu ya mwanga kwenye vipeo (pembe) vyake tu, kisha kusambaza rangi katikati yake. Mwaka 1975 Bui Tuong Phong, naye wa Chuo Kikuu cha Utah kama Gouraud, alichapisha njia ya kuipiga hesabu hiyo kwenye kila pikseli, pamoja na lile doa la mng'aro linalotokea pale mwanga unaporuka kuelekea kwenye jicho. Miaka miwili baadaye Jim Blinn aliifanyia mabadiliko, na kwa miaka mingi Blinn-Phong ndiyo iliyovalisha karibu kila gemu. Bado ipo: ukifungua Three.js, maktaba ya 3D ya kivinjari, utaikuta kwa jina la MeshPhongMaterial.

Sifa yake kubwa ni wepesi. Hesabu zake ni chache na hata kadi dhaifu inazimudu. Kasoro yake ni kwamba haijali kiasi cha mwanga kilichoingia. Unaweza kuongeza mng'aro mpaka uso ukarudisha mwanga mwingi kuliko ulioupokea, na sheda haitakuzuia. Matokeo yake, kiti ulichokirekebisha kikapendeza chini ya taa ya chumbani kitaonekana kama plastiki iliyomwagiwa mafuta ukikipeleka juani, na itabidi uanze kukirekebisha upya. Kwa tukio moja lisilobadilika hilo si tatizo. Kwa gemu yenye usiku na mchana, ni kazi isiyokwisha.

Sheda ya kifizikia inaanzia mahali pengine. Inauchukulia uso wowote kuwa umejaa vioo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vingine vimelala upande huu na vingine upande ule. Vikielekea upande mmoja, unapata kioo. Vikitawanyika, mwanga unatawanyika navyo. Robert Cook na Kenneth Torrance walilileta wazo hili kwenye michoro ya kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini lilikuwa zito kwa mashine za wakati ule. Kilicholifanya lienee ni urahisi wa matumizi. Mwaka 2012 Brent Burley wa Disney alieleza sheda ambayo vitelezi vyake karibu vyote vinakwenda kutoka 0 hadi 1, vina majina ambayo mchoraji anayaelewa, na hata ukiviburuta ovyo havitoi kitu cha ajabu. Mwaka uliofuata injini ya gemu ya Unreal Engine ilionyesha namna yake ya kulitumia wazo hilo kwa kasi ya gemu. Programu ya 3D ya Blender ililipata katika toleo la 2.79, mwaka 2017, kwa jina la Principled BSDF, na leo hiyo ndiyo materiali unayokutana nayo ukibonyeza kitufe cha kuongeza materiali mpya.

Mimi naichagua ya kifizikia bila kusita, na sababu si kwamba ni nzuri zaidi kwenye picha moja. Sababu ni kwamba kazi inahamishika. Birika uliloliandaa leo utaliweka kwenye tukio lingine mwezi ujao, chini ya jua lingine, nalo litaonekana sawa bila kuguswa. Pia inakupa bure jambo ambalo macho huligundua hata mtazamaji asipolijua: kila uso huakisi zaidi ukitazamwa kwa pembe ya chini kabisa. Meza ya mbao isiyong'aa ikitazamwa kutoka juu inaonyesha mbao. Weka jicho usawa wa meza na utaona dirisha ndani yake.

Blinn-Phong nitaichukua pale tu kifaa kinapokuwa dhaifu kweli, au mradi wa zamani unapokuwa umeshajengwa juu yake. Na kuna hali mbili ambazo hazihitaji hata moja kati ya hizi. Ukitaka mtindo wa katuni, wenye vivuli vya mikanda miwili mitatu, sheda ya kifizikia itapigana nawe kila hatua. Na umbo lililotengenezwa kwa kupiga picha kitu halisi kutoka pande zote mara nyingi limeshabeba mwanga wake ndani ya picha. Hilo lipe materiali isiyopokea mwanga kabisa, usije ukaliangazia mara mbili.

Metali na mparuzo, au mng'aro na ulaini

Ukishaamua kwenda na sheda ya kifizikia, unakuta njia mbili za kuieleza. Ya kwanza inauliza mambo matatu: rangi ya msingi, kama uso ni metali au si metali, na mparuzo wake, yaani umelainika au umekwaruzika kiasi gani. Ya pili inauliza rangi ya mwanga unaotawanyika, rangi ya mng'aro na ulaini.

Zote mbili zinafika palepale. Tofauti ni nani anabeba wajibu. Vitu visivyo metali, mbao, plastiki, mawe, karatasi, huakisi takriban asilimia 4 ya mwanga ukivitazama moja kwa moja. Maji huakisi asilimia 2. Metali huakisi zaidi ya nusu, na mwakisiko wake una rangi: dhahabu ni kama 1.00, 0.77 na 0.34 kwa nyekundu, kijani na bluu, shaba ni 0.96, 0.64 na 0.54, chuma ni takriban 0.56 kwa zote tatu. Katikati ya asilimia 4 na ile nusu hakuna vitu vingi vya kila siku, ukiacha vito kama almasi, ambayo ni kama asilimia 17. Njia ya metali inatumia pengo hilo: inakuuliza tu ndiyo au hapana, nayo yenyewe inaweka 4 kwa kisicho metali. Njia ya mng'aro inakuachia uandike namba yoyote, hata zile ambazo hakuna kitu duniani kinachozitoa.

Turudi kwenye birika ili jambo hili lionekane. Mwili wake umepakwa rangi ya bluu. Rangi hiyo si metali, hata kama chini yake kuna chuma, kwa kuwa sheda inaona tabaka la juu peke yake. Kwa hiyo metali ni 0, rangi ya msingi ni bluu, mparuzo ni wa chini, tuseme 0.25. Mdomoni rangi imebanduka na chuma kitupu kinaonekana: hapo metali ni 1, rangi ya msingi ndiyo ile 0.56, na mparuzo ni wa wastani. Kuzunguka jeraha hilo kuna kutu. Hapa ndipo wengi wanapotelea, kwa sababu kutu limetoka kwenye chuma, basi wanaliita metali. Kutu ni oksidi, haling'ai kama chuma. Metali yake ni 0, rangi ni kahawia, mparuzo unakaribia 0.9. Chini, palipopata moto, kuna masizi: si metali, rangi nyeusi lakini si 0, maana hata makaa hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga, na mparuzo ni wa juu kabisa. Mkono wa birika umeshikwashikwa mpaka ukalainika, kwa hiyo mparuzo wake uwe chini kuliko wa mwili, na usiwe sawa kila mahali.

Ramani ya metali ya birika hili, yaani picha inayoiambia sheda wapi ni metali, ina nyeusi na nyeupe tu. Kijivu kinaruhusiwa kwenye mpaka wa pikseli moja au mbili basi. Ukijikuta unaweka metali 0.5 kwa sababu "inapendeza", shida iko kwenye mparuzo au kwenye mwanga wa tukio, si kwenye metali.

Njia ya mng'aro ina hoja yake moja ya kweli. Kwenye mpaka wa rangi na chuma kitupu, njia ya metali huacha mstari mwembamba mweupe, hasa picha zikiwa ndogo, pikseli 512 kwa mfano. Njia ya mng'aro huacha mstari mweusi, ambao macho huusamehe kwa urahisi zaidi. Lakini inadai chaneli (tabaka za namba ndani ya picha) saba, rangi mbili kamili na ulaini, wakati ya metali inadai tano. Na soko limeshaamua. Muundo wa faili wa glTF 2.0, uliotolewa na Khronos Group mwaka 2017, umeifanya metali na mparuzo kuwa msingi wake, mparuzo ukikaa kwenye chaneli ya kijani na metali kwenye chaneli ya bluu ya picha moja. Kiambatisho cha njia ya mng'aro kimeshawekwa kando. Injini za gemu za Unreal na Godot nazo zimejengwa juu ya metali. Unity inakubali zote mbili, ila ujue kwamba inahesabu ulaini badala ya mparuzo, na inautafuta kwenye chaneli ya alfa, ile ambayo kwa kawaida hubeba uwazi, ya ramani ya metali. Ukihamisha kazi kwenda huko, geuza thamani: mparuzo 0.2 unakuwa ulaini 0.8.

Kuna kosa moja dogo linaloharibu njia zote mbili, na nalitaja hapa kwa sababu mara nyingi programu haitakuonya. Picha ya rangi huhifadhiwa kwa mpangilio wa sRGB, unaoipa nafasi zaidi sehemu ya giza. Ramani ya mparuzo, ya metali na ya nomali (ile inayoigiza mabonde na vilima vidogo kwenye uso) si rangi, ni namba. Ukiiacha programu isome ramani ya mparuzo kana kwamba ni rangi, 0.5 uliyoikusudia inasomwa kama 0.21. Uso uliotakiwa uwe mkavu kiasi unang'aa kama umelowa, nawe unahangaika na taa. Kwenye Blender, chagua Non-Color kwa kila picha isiyo rangi. Na ukiwa hapohapo, hakiki upande wa ramani ya nomali: Blender na Unity zinaisoma chaneli ya kijani kwa mtindo wa OpenGL, Unreal kwa mtindo wa DirectX, ambao ni kinyume. Dalili yake ni mashimo yanayoonekana kama vichuguu.

Picha au ruwaza za hesabu

Hapa uchaguzi ni mgumu zaidi, maana pande zote mbili zina nguvu za kweli.

Ruwaza za hesabu hazina picha ndani. Sheda inazitengeneza papo hapo kwa fomula: chengachenga zinazofanana na mawingu, mistari ya mbao, seli za Voronoi. Zina faida tatu ambazo picha haiwezi kuzigusa. Haziishiwi na undani. Isogeze kamera mpaka karibu na mdomo wa birika na kutu litaendelea kuwa na chembe. Hazihitaji UV, yaani umbo lililokunjuliwa bapa ili picha ilale juu yake, kwa kuwa zinaweza kusoma nafasi ya nukta katika tukio lenyewe, hivyo hakuna mshono. Na zinabadilika kwa namba moja: ukitaka kutu lisambae, unasogeza kitelezi badala ya kuchora upya. Kwa picha tuli na filamu, kwa mtu anayerenda ndani ya Blender na kumalizia humo, ningeanza na ruwaza kila mara.

Lakini zina gharama mbili. Ya kwanza ni kwamba kila pikseli inapiga fomula nzima upya, na ukizipachika ruwaza sita juu ya nyingine hesabu hiyo inalipwa kwenye kila picha ya gemu. Ya pili, inayowaumiza watu zaidi, ni kwamba hazisafiri. Nodi za Blender, yale masanduku unayoyaunganisha kuunda materiali, zinaeleweka na Blender peke yake. Ukitoa faili la glTF, kinachotoka ni thamani na picha zilizounganishwa kwenye Principled BSDF. Ule mtandao mzuri wa nodi unabaki nyuma, na birika linatua kwenye kivinjari likiwa jeupe.

Picha zinasafiri popote na kadi ya michoro inazisoma kwa haraka. Zinachodai ni kumbukumbu, na hesabu yake inafaa kufanywa mapema. Picha ya pikseli 4096 kwa 4096, yenye chaneli nne za baiti moja moja, ni megabaiti 64 kwenye kumbukumbu ya kadi, na ukiongeza zile nakala ndogondogo za kutazamwa kwa mbali inakuwa kama 85. Birika lina picha tatu: rangi, mparuzo pamoja na metali, na nomali. Hiyo ni zaidi ya megabaiti 250 kwa birika moja. Punguza upana na urefu kwa nusu na gharama inashuka hadi robo. Na usidanganyike na udogo wa faili: PNG au JPEG ya megabaiti 3 hufunguliwa kikamilifu kabla ya kupelekwa kwenye kadi. Mbano unaobaki ndani ya kadi yenyewe ni wa aina nyingine, kama BC7 kwenye kompyuta au ASTC kwenye simu. BC7 hutumia baiti moja kwa pikseli, kwa hiyo ile 64 inakuwa 16.

Katikati ya hizi mbili kuna kubeki, yaani kuigeuza ruwaza kuwa picha, na kwa kazi ya gemu au ya wavuti ndiyo njia ninayoipendekeza. Tengeneza kwa ruwaza, ukiwa na uhuru wote wa kubadili. Ukiridhika, kunjua UV, unda picha tupu, na uiagize Cycles, injini ya kurenda iliyomo ndani ya Blender, iandike matokeo ya nodi ndani ya picha hiyo: rangi peke yake, mparuzo peke yake, nomali peke yake. Hakikisha unapobeki rangi hubeki mwanga na vivuli pamoja nayo. Tunza faili la ruwaza hata baada ya kubeki, kwa sababu mteja akisema kutu lipungue, hapo ndipo utakaporudi.

Vitu vikubwa, kama ukuta mrefu au ardhi, vina jibu lao: picha ndogo inayojirudia, kisha ruwaza moja pana na hafifu juu yake inayobadilisha mparuzo na mwanga kidogo kutoka sehemu hadi sehemu. Jicho linaacha kuona marudio, na hujalipa kumbukumbu ya picha kubwa.

Nodi au msimbo

Kwa mchoraji, nodi zinatosha, na sioni haja ya mtu kujilazimisha kuandika GLSL au HLSL, lugha za kuandikia sheda, ili aonekane amekomaa. Nodi huishia kuwa msimbo uleule baada ya kukompailiwa. Zinaonyesha matokeo kila unapounganisha, na hazikuachii kosa la herufi.

Msimbo unashinda katika mambo machache yaliyo wazi. Unapohitaji kitanzi kinachorudia hatua mara nyingi, kama kutembeza mwale ndani ya moshi, nodi zinakuwa msitu usiosomeka. Unapohitaji kujua kwa hakika kadi inafanya nini na kwa gharama ipi, msimbo haufichi. Na kwenye kivinjari, ukitaka athari ambayo materiali za Three.js hazina, huna njia ya kuukwepa. Kwa anayerenda kwa Cycles kuna OSL, lugha iliyoanzia Sony Pictures Imageworks, inayokuruhusu kuandika nodi yako mwenyewe. Lakini kilichoandikwa humo kitabaki kwenye renda, hakitaingia kwenye gemu.

Uwazi: kukata, kuchanganya au kupitisha

Jambo hili huchaguliwa bila kufikiri na ndilo linaloleta malalamiko mengi. Kuna njia tatu, na glTF inazitofautisha vizuri.

Kukata ni uamuzi wa ndiyo au hapana: pikseli ikiwa na alfa chini ya kizingiti, 0.5 kwa kawaida, haichorwi kabisa. Ni njia ya majani, nyavu, ua wa waya, nywele za mbali. Inaacha kingo kali, lakini mpangilio wa mbele na nyuma hauharibiki kamwe.

Kuchanganya hukupa uwazi wa taratibu, wa moshi au kitambaa chepesi. Bei yake ni mpangilio. Ili rangi zichanganyike sawasawa, vitu vya nyuma lazima vichorwe kabla ya vya mbele, na injini nyingi za gemu hupanga vitu vizima, si poligoni mojamoja. Mti wenye majani elfu ukiupa kuchanganya, majani ya nyuma yatatokeza mbele ya ya mbele, na yatabadilishana nafasi kila kamera inapozunguka. Ukiona hivyo, usitafute kosa kwenye umbo. Rudi kwenye kukata.

Kupitisha ni kwa glasi na maji. Hapa uso unabaki na mng'aro wake wote huku mwanga ukipita na kupinda. Ukiitengeneza glasi kwa kushusha alfa, unaufuta na mng'aro wenyewe, ndiyo maana glasi za wanaoanza hufanana na mifuko ya nailoni. Weka kiwango cha kupinda mwanga, kile kinachoandikwa IOR, kiwe 1.5 kwa glasi na 1.33 kwa maji, na ulipe umbo unene wa kweli, lenye uso wa ndani na wa nje. Kwa kioo cha dirisha kinachotazamwa kwa mbali, unene hauhitajiki, na kwenye simu ni gharama isiyo na faida.

Ngozi, nta na marumaru ziko karibu na familia hii ingawa hazionekani kuwa wazi: mwanga huingia, hutawanyika chini ya uso, kisha hutokea pembeni kidogo. Kwenye ngozi, mwanga mwekundu husafiri mbali kuliko wa bluu, na ndiyo sababu sikio lenye jua nyuma yake huwa jekundu. Washa mtawanyiko huo kwa sura za karibu tu. Na angalia vipimo vya umbo lako: kichwa kilichoundwa kikiwa na urefu wa mita 2 kitaonekana kigumu kama jiwe kwa thamani zilezile zinazofanya kichwa cha saizi halisi kionekane hai.

Cycles au EEVEE

Hizi ni injini mbili za kurenda; zote zimo ndani ya Blender na zinasoma nodi zilezile, kwa hiyo watu huzibadilisha bila kuzingatia kwamba zinaziona materiali kwa macho tofauti. Cycles, iliyoingia mwaka 2011, inafuatilia miale: inatuma mwale kutoka kwenye kamera, unaruka kutoka uso hadi uso mpaka ukutane na mwanga. EEVEE, iliyokuja na toleo la 2.80 mwaka 2019, inachora kama gemu, na miakisiko yake inaanzia kwenye kile kilichomo ndani ya fremu. Kitu kilicho nyuma ya kamera hakipo kwake, labda kama umeweka kitu cha kunasa mazingira.

Kwa hiyo mwili wa birika lililopakwa rangi utafanana kwa karibu kwenye zote mbili. Glasi, chuma laini kama kioo na ngozi havitafanana. Ukiwa na nyuso za mparuzo wa 0.4 kwenda juu kwa wingi, EEVEE inakupa picha kwa sekunde chache na sioni sababu ya kusubiri. Ukiwa na chupa juu ya meza ya chuma, nenda Cycles, ongeza sampuli, yaani miale kwa kila pikseli, mpaka chengachenga zipungue, na uiachie programu ya kusafisha picha imalizie zilizobaki. Usiongeze sampuli bila mwisho ukitumaini glasi itapendeza. Mara nyingi kinachokosekana ni mazingira ya kuakisiwa. Chuma kitupu ndani ya tukio lenye mandhari nyeusi kitakuwa cheusi, kwenye injini yoyote.

Kwa kazi itakayoishia kwenye gemu, EEVEE ni kipimo cha karibu kidogo kuliko Cycles, lakini si cha kuaminika. Toa faili, lifungue ndani ya injini yenyewe, na ufanye maamuzi ya mwisho ya mparuzo huko.

Kama bado hujui kazi itaishia wapi

Hilo hutokea sana: mteja anataka picha tuli leo, mwezi ujao atauliza kama umbo linaweza kuwekwa kwenye tovuti. Katika hali hiyo chukua Principled BSDF moja kwa kila materiali, kwa njia ya metali na mparuzo, na uepuke kuchanganya sheda mbili kwa nodi ya kati. Jenga kwa ruwaza lakini kunjua UV tangu mwanzo, hata kama huzihitaji leo. Ukibeki, beki kwa 4096 na utunze asili, maana kupunguza ni rahisi na kukuza hakurudishi kilichopotea. Tumia kukata kila panapowezekana badala ya kuchanganya. Na kabla ya kukabidhi chochote, zungusha umbo chini ya mwanga wa aina tatu, wa jua kali, wa mawingu na wa taa moja ya pembeni, huku ukitazama mparuzo peke yake. Rangi ikikosewa kidogo, mtazamaji ataikubali kama rangi ya kitu hicho. Mparuzo ukiwa namba moja kwenye uso mzima, atajua mara moja kwamba anatazama kompyuta, kwa hiyo muda uliobaki wa kazi uutumie hapo.